Siatiki ilivyonisimamisha mbele ya baba mkwe huko Fizi

Wakuu, walionizidi umri shikamooni, wa rika langu salamu.

Uzi huu unahusu mguu wangu wa kushoto. Najua jukwaa hili lina mambo mazito kuliko mguu wa kijana mmoja wa Baraka, lakini mguu huu nusura uninyime mke, kwa hiyo naona umestahili uzi wake. Nitasema kweli yote, hata panaponifanya nionekane mjinga. Hasa hapo. Majina ya watu nimeyabadilisha, maumivu nimeyaacha kama yalivyokuwa.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi natengeneza simu na kufunga sola hapa Baraka, Kivu ya Kusini. Hakuna shule iliyonifundisha. Nilianza kwa kuharibu simu zangu, nikaendelea na za ndugu, kisha nikapata ujasiri wa kuharibu za wateja, na polepole zikaanza kupona.

Mtu aliyejifunza mwenyewe ana homa moja isiyopoa: kila siku anangoja mtu aingie mlangoni amwulize cheti chake. Kwa hiyo mimi kila kazi naifanya mara mbili. Simu ikipona naifungua tena, nihakikishe imepona kwa sababu ninayoijua na si kwa kunionea huruma. Kazi ya saa moja inakula nusu siku. Muda wote huo nimekaa juu ya kreti la bia lililopinduliwa, shingo chini, mgongo umepinda kama ndoana.

Siku yenyewe nilikuwa nafunga sola kwa mama mmoja mwenye duka. Betri, ile kubwa nzito, ilikuwa imeshakaa pembeni mwa ukuta. Kila mtu aliona imekaa sawa. Mimi peke yangu niliona imeenda upande kidogo.

Nikainama bila kukunja magoti, nikaikumbatia huku nimejipinda kiunoni, nikainyanyua ili niisogeze kiasi cha upana wa kidole.

Mgongoni kitu kikasema *tak*.

Betri ilikaa sawa. Mimi sikukaa sawa tena.

Sasa sikilizeni maajabu ya ugonjwa huu. Baada ya siku chache mgongo ulikuwa umetulia, karibu niusahau. Maumivu yalikuwa yamehama. Yalianzia kwenye tako la kushoto, yakapita nyuma ya paja, yakashuka kwenye kigimbi, yakaishia kwenye kidole kidogo cha mguu kama abiria aliyelipa nauli mpaka mwisho wa safari.

Nikikohoa, umeme unashuka. Nikipiga chafya, naona taa. Nikitembea taratibu, yanapungua. Nikikaa, hasa nikikaa chini, yanarudi pamoja na ndugu zake.

Hapo nikafanya kosa ambalo naamini ni la wengi: nikatibu panapouma.

Nilipaka kigimbi mawese ya moto yenye chumvi, kigimbi kikang'aa kama ndizi ya kukaanga. Nilikwenda famasi nikachomwa sindano za diclo, dawa ya maumivu, nikarudi nikachomwa nyingine, bila kumwuliza daktari yeyote. Mguu ukatulia kidogo, tumbo likaanza kuwaka moto. Nikawa mgonjwa wa sehemu mbili.

Kisha nikafanya ninachofanya siku zote nikiwa na hofu. Nikasoma.

Wakuu, msimpe mtu mwenye wasiwasi simu yenye bando. Kabla jua halijazama nilikuwa nimejikuta na magonjwa ambayo hata majina yake siwezi kuyatamka. Katika kusoma huko nikakutana na neno "pumzika". Mwingine angelisoma akapita. Mimi nililichukua kama hukumu ya mahakama. Nilifunga kibanda nikalala. Nililala vizuri sana, kwa nidhamu, siku baada ya siku, sigeuki bila sababu. Kama kungekuwa na mashindano ya kulala Baraka, ningewaletea kombe.

Nilipoinuka, nilikuwa nimekauka kama samaki wa chumvi, na mguu ulikuwa unauma kuliko nilipoanza.

Sasa ingekuwa mguu tu, nisingewachosha. Shida ilikuwa Riziki.

Riziki ndiye niliyetaka kumwoa. Kwao ni Fizi, juu mlimani. Baba yake, Papa Asukulu, ni mkulima wa mihogo na michikichi na ni mzee wa kanisa, mtu asiyecheka kabla hajajua atacheka nini. Alikuwa na shaka nami tangu mwanzo. Aliwahi kumwuliza Riziki, "Ule kijana alisomea wapi ile kazi?" Riziki akajibu, "Alijifundisha yeye mwenyewe, papa." Mzee akasema, "Hata mwizi anajifundishaka yeye mwenyewe."

Pamoja na hayo alikubali tupande na ujumbe wetu siku ya kuzungumza mahari. Na alimwambia Riziki wazi kwamba ni siku hiyo moja tu. Ikiharibika, hatapokea ujumbe mwingine kutoka kwetu.

Na kwa familia ile kuna desturi. Kijana anayeposa anakalishwa kwenye kiti kifupi cha mti, kile ambacho magoti yanafika karibu na kidevu. Hata kiti chenyewe hakina mgongo. Anakaa hapo mazungumzo yote, yawe marefu yasiwe marefu. Akiinuka kabla baba wa binti hajamwinua, amesema kwa mwili wake kwamba ameondoka. Hakuna kuomba radhi. Mnakusanya vitu vyenu mnashuka. Nilihadithiwa kijana wa Kilembwe aliyeinuka kwenda kupokea simu. Yule binti sasa ana watoto, baba yao ni mtu mwingine.

Mimi wakati huo nilikuwa siwezi kukaa hata kumaliza sahani ya bukari, ugali wetu.

Nikaenda kwa baba yangu mdogo, Lubunga, ndiye msemaji wa ukoo wetu katika kila posa. Nikamweleza yote: mgongo, tak, mguu, kidole. Alinisikiliza akiwa ameshika kichwa.

"Ile ya mugongo, umeambia nani?"

"Wewe tu, baba."

"Usirudilie kusema. Mugongo ya mwanaume njo moteri yake. Ukienda kuomba mutoto ya bantu na unasema mugongo imekufa, batafikiri nini? Batafikiri bajukuu baliishia njiani. Sema muguu. Muguu haina mambo."

Kwa wasiojua: moteri ni injini, na huku kwetu, na nadhani hata huko kwenu, mgongo wa mwanaume si mgongo tu. Ukisema unauma, watu hawakuulizi umebeba nini. Wanamtazama mke wako kwa huruma.

Basi nikasema mguu. Nilimpigia Riziki nikamwambia mguu wangu una hitilafu kidogo. Riziki akamwambia shangazi yake, dada ya Papa Asukulu, mwanamke mwenye sauti ya kengele ya shule. Na shangazi, kwa hekima zake, akawaambia wote waliobaki.

Taarifa ilipopanda mlima ilikuwa mguu. Iliposhuka ilikuwa mutego.

Mutego, wakuu, ni dawa inayotegwa njiani ili mtu fulani aikanyage, na mguu ndio unaolipa. Na kijana anayekaribia kuoa hategwi na jirani bure. Anategwa na mwanamke aliyemwacha. Kwa hiyo nikawa nimeacha mwanamke. Wakampatia hata kwao: Kazimia, anauza ndagala, yaani dagaa, bandarini.

Riziki alinipigia. Hakusalimu.

"Ule mwanamuke wa Kazimia anaitwa nani?"

"Mwanamke gani?"

"Ule wa ndagala."

"Riziki, mi sijafikaka Kazimia."

"Kwa hiyo alikufuata Baraka."

Naungama kwamba mimi mwenyewe, kwa jinsi nilivyo, nilikaa nikamtafuta huyo mwanamke katika kumbukumbu zangu zote, nisije nikawa nimemsahau. Sikumpata. Lakini nilianza kumwogopa.

Hofu ikanishinda, nikaona kheri niseme kweli. Nikamwandikia Riziki: si mutego, hakuna mwanamke, tatizo lenyewe liko mgongoni.

Sikuwa nimekosea kitabibu. Nilikosea kila kitu kingine.

Jibu la shangazi lilinifikia kupitia kwa Riziki mwenyewe, aliyekuwa analia na kucheka kwa pamoja. Shangazi alikuwa amemwuliza mbele ya mama zake, "Mwanangu, unaenda kuolewa na muntu ama na photo?"

Mnaona nilipofika? Nikisema mguu, nina mwanamke mwingine. Nikisema mgongo, siwezi hata huyu mmoja. Na ugonjwa wangu, kwa ubaya wake, ulikuwa unakaa sehemu zote mbili.

Papa Asukulu hakusema mengi. Aliagiza tu, "Akuje. Tutamuona na macho."

Ndipo nikakubali kwenda hospitali, jambo ambalo mtu mwenye akili angelianza nalo. Daktari alinipima, akaninyanyua mguu ulionyooka nikiwa nimelala chali, nikapiga kelele iliyowasimamisha waliokuwa kwenye foleni nje. Akasema ni siatiki, wengine huandika sayatika. Akanipeleka kwa kine, ndivyo tunavyowaita huku wataalamu wa mazoezi ya viungo. Alikuwa mama mmoja mfupi, mikono yenye nguvu, asiye na haraka wala huruma ya bure.

"Nani alikuambia ulale siku yote ile?"

"Nilisoma, mama."

"Ulisoma mpaka mwisho?"

Sikuwa nimesoma mpaka mwisho.

Akanieleza kwa namna ambayo fundi anaielewa. Kuna mshipa wa fahamu mnene unaotoka chini ya mgongo, unapita kwenye tako, unashuka mguu mzima. Kati ya pingili za mgongo kuna vitu laini kama mito midogo. Mto mmoja ukitokeza, unaubana mshipa pale juu. Ubongo unadhani shida iko kule waya unakoishia. Akaniuliza, "Kengele ikilia sebuleni, unaenda kutengeneza kengele ama unaangalia nani anabonyeza kitufe kwa mulango?"

Mimi ninayetafuta shoti kila siku nilikuwa nimepaka kengele mawese.

Akanipa masharti. Nisilale kutwa. Nitembee, muda mfupi lakini mara kwa mara. Nisikae muda mrefu bila kuinuka, na lile kreti la bia nilirudishe kwa wenye bia. Nikinyanyua kitu, nikunje magoti, kitu kikae karibu na kifua, nisijipinde. Dawa za maumivu ni za kuandikiwa na daktari, si za kwenda kuchagua famasi kama biskuti. Na zoezi moja: kulala kifudifudi, kisha kuinua kifua taratibu kwa mikono, kiuno kikibaki chini. Akalijaribu kwangu palepale kwanza, akiniuliza maumivu yanaelekea wapi, kwa sababu si kila mgonjwa wa siatiki linamfaa.

"Ukiona maumivu inatoka kwa kidole inapanda kwa paja, hata kama mugongo inauma zaidi, ufurahi. Iko inarudi kwao. Ikishuka chini zaidi, uache, urudi hapa."

Kisha akaweka kalamu chini akanitazama vizuri. "Na usikie hii. Ukipata ganzi kati ya mapaja, pale unaikaliaka kwa tandiko ya pikipiki, ama mukojo inakataa kutoka, ama inatoka bila ruhusa, ama muguu inalegea inakataa kukubeba, haungoje kesho. Unakuja hospitali palepale. Ile haiko ya mawese."

Wakuu, hayo maneno yashikeni hata kama mengine yote mtasahau.

Sasa mimi nikipewa zoezi huwa nataka kuwa wa kwanza darasani. Alisema nifanye kidogo, asubuhi na jioni. Mimi nikawaza, kama kidogo kinasaidia, kingi kitaponya kabla ya siku ya posa. Nikawa nainua kifua kutwa kama mjusi ukutani. Siku hazikupita nyingi nikarudi kwake nimeinama.

"Nilisema kidogo," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kidogo kwako inaanzia wapi?"

Mpaka leo natafuta inapoanzia. Lakini nilijifunza kufanya kidogo, na kwangu hilo lilikuwa zoezi gumu kuliko yote. Taratibu maumivu yakaacha kidole, yakaacha kigimbi. Yalikuwa yanarudi kwao kama alivyosema, ila hayakuwa na haraka, na siku ya posa ilikuwa nayo.

Kabla sijapanda nilimwuliza, "Mama, nikae namna gani kwenye kiti kile?"

"Usikae."

"Nikisimama sina mke."

"Basi baambie bakwe."

Alisema kama mtu anayemwambia mwenzake anunue chumvi.

Siku ikafika. Tulipanda kwa pikipiki, mimi nyuma ya kijana wa moto, ndivyo tunavyoita bodaboda. Barabara ya Baraka kwenda Fizi wanaoijua wanaijua. Kila nilipohisi umeme nilimwomba asimame, nikatembea, nikapanda tena. Baba mdogo aliyetangulia alikuwa anageuka kila mara akidhani nimetoroka. Nilifika vumbi hadi kwenye nyusi, nguo niliyoipiga pasi mara mbili imekuwa rangi ya barabara.

Tukaingia. Wazee upande huu, akina mama upande ule, Riziki yuko jikoni kama inavyotakiwa. Kiti kifupi katikati. Nikakaa.

Baba mdogo Lubunga akaanza. Ni msemaji mzuri, na ubaya wa msemaji mzuri ni kwamba anajua. Alianzia mbali, kwa babu zetu walivyovuka mto, akawaombea wote heri mmoja mmoja. Wakati babu wa tatu anavuka, tako lilianza kuwaka. Wakati tunafika kwa kuzaliwa kwangu, mguu wote ulikuwa na nyaya. Jasho likanitoka mpaka shangazi akamnong'oneza jirani yake, na kunong'ona kwa shangazi kunasikika Baraka.

"Muone. Iko inayeyuka."

Nilijaribu kuegemea upande mmoja. Nikajaribu mwingine. Nikajaribu kuwaza mambo ya furaha, nikamwona yule mwanamke wa Kazimia.

Kisha mwili wangu haukuniuliza tena. Nikasimama.

Vichwa vyote vikanigeukia. Hata jikoni mwiko uliacha kukoroga.

"Ikala, Wilondja," baba mdogo akanitaka nikae, bila kusogeza midomo. "Ikala, minakuomba."

"Siwezi, baba."

"Si nilibaambia?" shangazi akasema. "Photo."

Papa Asukulu akainua mkono, watu wakatulia. Akanitazama.

"Mwana, unajua kuinuka hapa inasemaka nini?"

"Najua, baba."

"Basi unaenda."

"Hapana, baba. Siendi popote. Nasimama tu."

Na kwa kuwa sikuwa tena na cha kupoteza, nikawaeleza. Nikasema ugonjwa ni mmoja, una mlango na una dirisha: umeingilia mgongoni na unapigia kelele mguuni. Nikasema nilificha mgongo kwa aibu, nikataja mguu, kisha nikaukana mguu nikataja mgongo, na kila mara nilikuwa nimesema nusu. Nikasema sijawahi kufika Kazimia. Nikasema naweza kusimama, naweza kutembea, naweza kufanya kazi yangu nikiinuka mara kwa mara, na kwamba kine amesema wengi hupona kwa muda na uvumilivu.

"Kulala?" mzee akauliza.

"Kwa tumbo, baba."

Mtu fulani kwa akina mama akacheka, akajifanya anakohoa.

"Kulima?"

"Kwa sasa hapana. Nisikudanganye."

"Na ile ingine?" shangazi akauliza.

"Ingine gani, shangazi?"

"Unajua."

Nilikuwa najua. Wakuu, nimetafuta tangu siku ile jibu ambalo kijana angeweza kulitoa mbele ya wazee wa kanisa, sijalipata. Aliyejibu ni Riziki, kutoka jikoni, kwa sauti ya mtu anayekoroga sombe, kisamvu chetu.

"Shangazi, si ni miye nitaikalaka naye?"

Akina mama walipasuka. Shangazi mwenyewe alificha uso kwenye kitenge. Papa Asukulu hakucheka. Alikuwa bado ananitazama, na sikuelewa anatazama nini.

Kisha akaweka mikono kwenye kiti chake, akasukuma, akainuka. Aliinuka polepole, kwa vituo, kiganja kimoja kikabaki kiunoni.

"Kama mukwe hawezi ikala," akasema, "basi tutembee."

"Tunaenda wapi, papa?" baba mdogo akauliza.

"Kwa shamba. Maneno inaongelewaka pia kwa shamba."

Ilinichukua muda kuelewa alichofanya. Mwenye nyumba naye akishainuka, aliyeinuka kabla yake hahesabiki tena kuwa ameondoka. Wote tumeinuka. Na alikuwa ameniita mkwe.

Hivyo ndivyo mahari yangu ilivyozungumzwa kwa miguu, katikati ya matuta ya mihogo. Wazee mbele, mimi nimenyooka kama nguzo, baba mdogo akiruka matuta na viatu vyake vyenye ncha huku akitetea kila mbuzi, shangazi nyuma na kapu la soda, akilalamika kwamba tangu azaliwe hajaona posa ya kufukuzana. Na mimi, kadiri tulivyotembea, mguu uliniachia. Waliojadili kwa jasho walikuwa wao.

Tulipofika mwisho wa shamba, Papa Asukulu alipunguza mwendo mpaka wengine wakatupita. Akajifanya anakagua jani la muhogo.

"Ile ya kulala kwa tumbo."

"Ndiyo, baba."

"Unainua kifua, ama miguu?"

"Kifua, baba. Kidogo kidogo."

Akageuza jani. "Ya kwako inafikaka wapi?"

"Ilikuwa inafika kidole kidogo. Sasa inaishia kwenye paja."

"Ya kwangu inaishiaka kwa goti," akasema, kama watu wawili wanaolinganisha mipaka ya mashamba.

Nikamwuliza ni tangu lini.

"Tangu Riziki anatambaa. Nilibebaka mikungu ya ngazi."

Wakuu, ngazi ni matunda ya mchikichi, na Riziki ana wadogo zake. Tena si haba, na mmoja bado yuko shule ya msingi. Nilisimama pale nikawapanga kichwani kimya kimya, wote waliozaliwa baada ya mikungu ile, nikapata amani ya moyo ambayo hospitali haikuniandikia.

"Mama Riziki anajua?" nikauliza.

"Anajua nini?" mzee akasema, akaanza kutembea.

Tulifunga ndoa baada ya mvua. Sasa hivi nafanya kazi nikiwa nimesimama kwenye meza ndefu. Wateja wanadhani ni mtindo wa kisasa. Maumivu yanakuja mara moja moja nikijisahau, natembea, yanaondoka. Wanaosubiri wajukuu wametulizwa. Zaidi ya hapo msiniulize.

Baba mkwe nilimwomba sana ashuke akaonwe na yule kine. Hataki. Mzee wa kanisa hawezi kuonekana kwenye foleni ya mgongo. Nilimwomba kine ushauri, akasema mguu wa mzee hauna ganzi wala haulegei kwa nilivyomweleza, nimwonyeshe kidogo lakini nisiache kumsumbua aje. Basi kila nikipanda Fizi, mzee anatangaza mbele ya watu kwamba redio yake imeharibika tena. Tunaingia chumbani, tunafunga mlango, tunatandika mkeka, tunalala kifudifudi wanaume wawili, tunainua vifua.

Mara ya mwisho shangazi alipita nje akagonga.

"Redio imepona?"

"Inapona pole-pole," baba mkwe akajibu kutoka sakafuni.

Nilichojifunza si kikubwa. Maumivu yanaweza kukudanganya mahali yanapokaa, kwa hiyo mwachie anayejua akutafutie chanzo. Kitanda si dawa ya siatiki, na sindano ya famasi si daktari. Dalili zile za ganzi, mkojo na mguu kulegea hazisubiri. Na mgonjwa anayesema nusu ya ugonjwa wake, watu watammalizia nusu iliyobaki, tena kwa ubunifu. Mimi si mganga, nimeeleza yaliyonipata tu.

Mliopitia haya, hasa wanaume mnaosoma huku mmeegemea ukuta mkijifanya mnapunga upepo, karibuni mseme. Yenu inaishia wapi, gotini au kidoleni? Na kama kuna anayejua namna ya kumfikisha mzee wa kanisa hospitalini bila kupita kwenye foleni, aanze yeye.